Mzee wa Alhamisi

Hakuna aliyetuambia kwamba kucha hazina habari na kiharusi. Mkono wa kuume wa Baba ulilala tangu siku aliyoanguka, kisha kidogo kidogo ukaanza kujikunja, vidole vikaingia kiganjani, ngumi ikafungwa na haikufunguka tena. Kucha zikaendelea kukua humo humo ndani. Tulipokuja kugundua, tuligundua kwa harufu.

Mama alijaribu kuvikunjua vidole kwa nguvu. Baba akapiga ukelele usio na neno ndani yake, na Mama akauachia ule mkono kama aliyeungua. Maneno Baba hakuwa nayo. Mshipa ulioziba ulikuwa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaouendesha mkono wa kuume, na kwa watu wengi ndio unaoshika lugha pia. Mengi tuliyosema aliyaelewa. Kuyajibu ndiko kulikomshinda. Akitaka maji alisema "hii, hii." Akitaka dirisha lifungwe, "hii, hii." Tukikosea, "hii!" na macho yanajaa maji.

Mimi wakati huo nilikuwa kiongozi wa maombi kanisani. Mtu akiugua au akifiwa, niliitwa, kwa sababu nilikuwa na maneno. Nilijua mstari wa kuanzia, mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kunyamaza ili watu waseme amina. Siku Baba aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, wenzangu walijaa chumbani, tukaimba, tukaomba kwa zamu, yangu ikiwa ndefu kuliko zote, mpaka Baba akageuzia uso ukutani. Nilidhani amechoka.

Wiki ya tatu walikuja wachache. Mwezi wa pili wakatuma salamu. Sina kinyongo nao. Mimi mwenyewe nimewatumia wagonjwa wengi salamu.

Ndipo Alhamisi moja akaja yule mzee. Kwa cheo alikuwa mzee wa kanisa, ila sijui ni wangapi waliokumbuka hivyo, maana hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alikuwa na kigugumizi kizito. Neno moja lingeweza kumshika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jumapili alifungua madirisha, akapanga viti, akaketi nyuma na wenzake wa besi, na hapo, akiimba, hakukwama hata silabi. Aliposhuka kwenye wimbo kigugumizi kilimngoja mlangoni. Kwenye kikao kimoja cha kupanga zamu niliwahi kushauri jina lake liondolewe kwenye orodha ya wasomaji wa somo, "ili tuokoe muda." Naye alikuwepo. Hakupinga, nani angemsubiri amalize kupinga?

Siku hiyo alibisha hodi, akasalimiana na Mama, akaja kusimama kando ya kitanda. Akamtazama Baba kwa muda.

"Na-na-naona mkono," akasema.

Akaomba beseni la maji ya uvuguvugu na taulo.

Hakuvuta kidole hata kimoja. Aliushika ule mkono kwa chini, akaukunja kwanza kwenye kifundo, kuelekea chini, taratibu sana, na vidole vikalegea vyenyewe. Sikuamini. Miezi miwili tulikuwa tukisukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa. Akakitoa kidole gumba, akautumbukiza mkono majini, akasubiri. Tena akasubiri. Kisha akakata kucha moja moja kwa kimkasi alichokuja nacho mfukoni, kila kipande akikiweka kwenye kona ya taulo. Kiganjani mlikuwa na alama nne nyekundu, zimepinda kama hilali. Akazisafisha na kuzikausha kwa kugusagusa bila kusugua, akaviringisha kitambaa laini na kukiweka ndani ya ngumi ili vidole visirudi kuichoma ngozi. Akahamia mkono wa kushoto. Akamnyoa ndevu. Ilichukua kama saa nzima, na katika saa hiyo sidhani kama alisema maneno kumi.

Sala hakusali, na nakiri niliona ni upungufu. Mzee wa kanisa anaingiaje nyumba yenye mgonjwa na kutoka hivi hivi? Nikamsindikiza mpaka nje, nikamwuliza kwa sauti ya upole, ile sauti yangu ya kazi, kama angependa tuombe pamoja kabla hajaondoka.

"Ta-tayari," akasema, akaenda zake.

Sijajua mpaka leo kama alimaanisha ameshaomba au ameshamaliza.

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata. Mama akampa jina, Mzee wa Alhamisi, na nadhani ni Mama pia aliyetoa siri ya ule ujuzi: marehemu mkewe alipooza miaka kadhaa kabla ya kufa, naye ndiye aliyemwuguza. Nilikuwa nimekaa naye kwenye vikao na ibada muda wote huo. Sikujua.

Kuna jambo kuhusu rafiki zake Ayubu ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulisoma. Tunawakumbuka kwa makosa yao, kwa zile hotuba ndefu za kumlaumu mgonjwa. Lakini sura ya 2 inamalizika wakiwa wameketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mmoja wao kunena neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walikuwa wema. Waliharibu walipofungua vinywa. Nilikuwa nimehubiri juu ya Ayubu mara mbili, na mara zote mbili nilianzia sura ya 3.

Jioni ninayotaka kuieleza ilikuwa katika mwezi wa tano. Mkono wa Baba umo ndani ya beseni, mzee amepiga goti, na Biblia yake ndogo imechungulia kwenye mfuko wa koti. Baba akainyooshea kidole cha mkono mzima. "Hii. Hii, hii."

Lazima niseme Baba hakuwa mtu wa kanisa. Alilelewa humo, akaacha kabla sijazaliwa kwa sababu ambazo hakupenda kuzisimulia, na tangu hapo aliingia kwenye mazishi tu. Tulikuwa tumezoea kutozungumza habari hiyo. Kwa hiyo sote tulishtuka, ila aliyeshtuka zaidi ni mzee, kwa kuwa alikuwa anaombwa kusoma. Nikasogea haraka niichukue ile Biblia nimsaidie. Mama akanishika mkono. Hakunitazama hata, alinishika tu.

Mzee akajifuta maji, akafungua Zaburi ya 121.

"Ni-ni-ni," akaanza. "Nita-ta-ta..."

Akakwama. Mishipa ikatoka. Nilijua maneno yanayofuata na ilinibidi nibane midomo nisimtamkie. Baba alikuwa anamtazama kinywani. Kwa miezi mitano sisi ndio tuliomtazama Baba kinywani, tukimkimbilia kwa maneno: maji? dirisha? mto? umeumia? Sasa yeye ndiye aliyekuwa anamsubiri mtu, na alisubiri vizuri kuliko sisi sote, bila kumsaidia kwa macho.

Kisha nikasikia sauti ngeni, ya mikwaruzo, kama kitu kinachoburutwa sakafuni. "... yainua macho yangu."

Alikuwa Baba.

Mzee akaingia naye pale pale. "Niitazame milima." Wakaendelea pamoja, wawili, Baba akilalia upande mmoja wa mdomo na kumeza nusu ya silabi, mzee akisoma kwa sauti ile ya besi, na kigugumizi hakipo. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi wenye kigugumizi: wakiimba, au wakisoma kwa pamoja na mtu mwingine, ulimi hufunguka. Walipofika "hatasinzia wala hatalala usingizi," Mama alikuwa ameketi sakafuni. Walipofika "Bwana ni uvuli mkono wako wa kuume," mkono wenyewe wa kuume ulikuwa bado majini, umefunguka, kucha tatu zimekatwa na mbili bado. Wakaimaliza yote, mpaka tangu sasa na hata milele.

Kimya. Kisha Baba akamtazama Mama, akafungua kinywa, na sote tukainama kumwelekea.

"Hii," akasema. "Hii, hii."

Alitaka maji.

Mtaalamu wa tiba ya usemi hakushangaa nilipomsimulia. Alieleza kwamba maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, kama sala, nyimbo, au kuhesabu moja hadi kumi, mara nyingi hubaki hata pale ambapo mgonjwa hawezi tena kuunda sentensi mpya. Hutoka kama fungu zima, si neno kwa neno. Wengine wangeona maelezo hayo yameharibu jambo. Mimi hayakuniharibia kitu. Kilichoharibu ni nilichofanya Jumapili.

Nilitoa ushuhuda. Nilishika kipaza sauti nikasema Mungu amekifungua kinywa cha baba yangu, nikapandisha sauti mahali pake na kunyamaza mahali pake. Nilimtaja mzee, kwa sifa nyingi. Watu walisimama, wakapiga makofi na vigelegele, wakageuka kumtazama. Yeye alikuwa amekiinamia kitabu cha nyimbo kama mtu aliyepoteza ukurasa. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mimi niliujulisha ukumbi mzima.

Mama alinisubiri mpaka tulipofika nyumbani.

"Ungewaambia na kwamba asubuhi hii ameshindwa kuomba maji," akasema, akaingia chumbani kumgeuza Baba.

Alhamisi nilikuwa na hakika mzee hatakuja. Alikuja saa ile ile. Beseni, taulo, kimkasi. Nilimfuata nje nikamwomba radhi, kwa maneno mengi kama kawaida yangu, na yeye akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwacha akwame kwa muda wote aliohitaji.

"Wewe u-u-ulisema ni-nimemsaidia ba-baba yako," akasema. "Mimi ndi-ndiye niliyekuwa ni-nimekwama."

Sikuwa na la kujibu, na sikujibu.

Tangu hapo walisoma ile zaburi kila Alhamisi. Wakati mwingine Baba aliingia mstari wa kwanza, wakati mwingine wa tatu, na zilikuwepo Alhamisi hakuingia kabisa, mzee akapambana peke yake hadi mwisho, na hakuna aliyemkimbilia. Sijui kama Baba alirudi kwenye imani. Watu waliniuliza sana baada ya ule ushuhuda, nami nilijifunza kusema sijui. Nilijaribu siku moja kumwanzishia mimi, Jumatatu, kwa sauti nzuri na matamshi safi. Alinitazama kwa upole, akanyamaza.

Kiharusi cha pili kilikuja miezi 14 baada ya kile cha kwanza, usiku, na hakikumchelewesha. Asubuhi, kabla hawajaja kumchukua, Mama alitoka kupiga simu nikabaki naye peke yangu. Nilitaka kuomba. Nilijua maneno yote ya saa ile, nilikuwa nimeyasema kando ya vitanda vya watu wengine, na hata moja halikuja.

Nikauchukua mkono wake wa kuume. Nikaukunja kwenye kifundo kuelekea chini, taratibu, na vidole vikalegea. Kiganja kilikuwa kisafi, hakina alama. Kucha zilikuwa fupi, zimekatwa sawasawa zote tano. Ilikuwa Jumamosi.