Kutoka Lamu hadi Kipini kwa mizani nane

Boti ya Mokowe huondoka gatini Lamu ikijaa, na mabasi ya Mombasa yanatoka Mokowe asubuhi, kwa hiyo tuliteremka gatini alfajiri. Tulikuwa tunamfuata Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili: kutoka mji ambamo Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake, yaani shairi refu la kisa chake, mwaka 1913, hadi Kipini, Tana inapoingia baharini, ambako wenyeji huonyesha kaburi la shujaa huyo. Kijumwa alikuwa pia mchonga mbao na bingwa wa khati, yaani mwandiko wa kupendeza, na mkono wa fundi unauhisi katika utendi wenyewe.

Botini tulianza na ubeti huu:

Liyongo kitakamali
akabalighi rijali
akawa mtu wa kweli
na haiba kaongeya

Uhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Li-yo-ngo ki-ta-ka-ma-li, nane. A-ka-wa m-tu wa kwe-li, nane pia, kwa kuwa m ya “mtu” inasimama peke yake na ina mizani yake. Hapa ndipo wanaoanza kutunga huteleza: m ya “mtu” na “mti” huhesabiwa, lakini m ya “mbuzi” imeshikana na bu, mbu-zi, haikatwi. Ukikosea hapo, kipande, yaani mstari mmoja wa ubeti, kinazidi au kinapungua, na mwimbaji analazimika kumeza silabi.

Tazama sasa herufi zilizoachwa. “Kitakamali” ni “akitakamali”, na “kaongeya” ni “akaongeya”; ile a ya mwanzo imetolewa ili kipande kitoshe. Kiamu, lahaja ya Lamu, kinaruhusu hivyo, ndiyo maana tunasikitika kila tunapoona utendi huu umesanifishwa. Andika “Liyongo alipokamilika” uone: mizani kumi, na kina cha -li, ile silabi ya mwisho inayolingana, kimepotea. Andika “na haiba akaongeza”: mizani tisa, na umevunja kitu kikubwa zaidi.

Kitu hicho ni -ya. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, kinachobadilika kila ubeti, lakini kipande cha nne hurudi palepale, ubeti baada ya ubeti, hadi kisa kinakwisha. Msikilizaji akiisikia -ya anajua ubeti umefungwa. Basini, kuelekea Witu, tulijaribu kutunga kwa kina cha mwisho -go, na maneno yakatuishia mapema sana: mzigo, mfugo, kigogo, basi. Kwa -ya una kungiya, kutiya, kupokeya, kuzengeya, kukimbiya, na kila kauli ya kutendea inayoishia hivyo. Anayetaka kusimulia kisa kirefu achague kina cha mwisho kabla ya kuchagua tukio la kwanza.

Witu tulishuka, tukachukua bodaboda kwenda Kipini. Uliza hali ya barabara kabla ya kutoka Lamu, na usiiache safari hii hadi jioni.

Tukiwa njiani tulizungumzia mkate. Liyongo yuko gerezani, na walinzi hula kila chakula kizuri anacholetewa. Mama yake anaoka mkate mzuri na mkate wa wishwa, yaani pumba, tupa ya kukatia chuma anaificha ndani ya ule wa wishwa, na mjakazi Saada anaipeleka yote miwili. Walinzi wanauchukua mzuri, ule mwingine wanamtupia mfungwa. Kisha ngoma ya gungu inapigwa, na kelele zake zinafunika mlio wa tupa ikikata pingu. Ubeti mfupi hauna nafasi ya kueleza mtu anawaza nini, kwa hiyo mtunzi anakupa vitu vya kushika: wishwa, tupa, pingu. Watunzi wengi wa leo wanashindwa hapa. Wanajaza vipande kwa sifa na dua, na ukifika ubeti wa ishirini bado hakuna aliyefanya jambo lolote.

Kipini tulisoma beti za mwisho. Mwanawe mwenyewe amemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anainuka, anakwenda kisimani na upinde wake, anapiga goti, anatia mshale, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanamwona amelenga. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama yake anaitwa aje kumbembeleza, anasimama mbali akimwimbia, naye hajibu. Kiu inauchosha mji. Alipoanguka ndipo walipoiona sindano.