Mradi wa malisho Tororo: mifuko imejaa, sasa ni kupima

Haya wadau, mambo yamesonga tangu nilipoandika mara ya mwisho. Mvua ya Machi ilishuka vizuri huku Tororo, nepia, ile nyasi ndefu ya malisho, ikapanda, na sehemu kubwa nishaikata iko ndani ya mifuko inasubiri kiangazi cha Desemba. Naandika namba zingali kichwani. Nadhani zitawafaa wenye ng'ombe wawili watatu kama mimi, manake hesabu nyingi za saileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa bila hewa ili yasioze, unazosikia ni za watu wa Kiruhura, magharibi mwa Uganda, wenye mifugo mingi na trekta ya kushindilia shimo, sisi wa kufugia bandani tuna hesabu yetu.

Nianze na ile kona ya nyuma. Nepia ya pale ilikuwa inachipua majani madogo ya njano, shina limejaa vichipukizi vifupi halafu hairefuki hata mvua ikinyesha. Ni ule ugonjwa wa kudumaa, unasababishwa na fitoplasma, aina ya bakteria wadogo sana, na kinachousambaza ni kidudu kidogo kinachorukaruka kikifyonza utomvu, ila sisi wenyewe pia tunausambaza tukipeana vipando vya shamba lenye ugonjwa. Hauna dawa. Nimeng'oa mashina yote na mizizi yake, nikapanda brakiaria, nyasi nyingine ya malisho, aina ya Mulato II. Hii nyasi asili yake ni Afrika hapa hapa, ikapelekwa Amerika Kusini, wataalamu wa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kule Colombia, wakaichanganya na kuiboresha, sasa inarudi nyumbani. Mbegu yake usiifukie chini sana, sentimita 1 au 2 inatosha, ukizidisha haioti. Yangu imeshika, majani ni mengi kuliko mabua, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Sasa kukata. Hapa ndipo nabishana na watu kila siku. Mzee jirani alisimama kwenye ua akaniuliza, "Mwanangu, mbona unakata majani bado machanga hivi? Ngoja yapande upate mzigo." Nikamwambia mzee shikamoo, karibu ndani, nikamwonyesha kwa mzani. Nilichukua kilo moja ya nepia yangu ya kama mita 1 hivi, tukachambua majani upande mmoja mabua upande mwingine, majani yakawa zaidi ya nusu kilo. Halafu tukachukua kilo moja ya ile iliyomzidi mtu urefu kando ya barabara, majani hayakufika hata robo tatu ya yale ya kwanza, yaliyobaki ni bua gumu. Protini inakaa kwenye majani. Nepia ikikatwa ya wiki 6 hadi 8 inakupa protini kama asilimia 8 hadi 10 ya kitu kikavu, yaani chakula chenyewe ukitoa maji, ikizeeka inashuka chini ya 7, na chini ya 7 wale bakteria wa tumbo kubwa la ng'ombe wanakosa chakula chao wenyewe, wanafanya kazi polepole, nyasi inakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anaonekana ameshiba kumbe anapungua. Mzigo mkubwa wa boda uliojaa mabua haujazi ndoo ya maziwa, na mashine ya kukatakata haiwezi kurudisha kilichopotelea shambani. Mzee alikaa kimya, halafu akaomba mzani apime ya kwake, na jioni yake alianza kukata.

Kitu cha pili ni maji. Nepia changa ina maji mengi mno. Nilikausha gramu 100 juu ya bati kwenye jua kali, nikamalizia kwenye sufuria moto mdogo sana huku nageuza isiungue, napima mpaka uzito haubadiliki tena, ikabaki gramu 17. Yaani kwenye kilo 100 unazobeba, chakula ni kilo 17. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kitu kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake, ndiyo kilo 12, kwa hiyo kwa nepia mbichi ni kama kilo 70 kwa siku, na ndiyo maana ukimtupia vifurushi viwili anabaki analia.

Ukiifunga ikiwa na maji hivyo kwenye mfuko inachuruzika na kuoza. Kwa hiyo nakata umande ukishakauka, naitandaza mpaka jioni inyauke, halafu nakatakata vipande vya sentimita 2 hivi na kabla ya kushindilia nafanya jaribio la ngumi. Shika konzi, minya kwa nguvu kama nusu dakika, fungua. Maji yakitiririka bado ni mbichi sana. Donge likibaki limekaa ila hakuna maji yanayodondoka, hapo sawa. Likiachia polepole, vizuri zaidi. Likifumuka hapo hapo imekauka mno, haitashindilika na hewa itabaki ndani. Ya kwangu iliyonyauka nilipoikausha kwenye sufuria, gramu 100 zilibaki gramu 26, na ile ngumi ilikuwa imeshaniambia hivyo hivyo.

Nepia sukari yake ni kidogo ukilinganisha na mahindi, kwa hiyo naongeza molasi, ile sharubati nzito ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kakira, kilo 3 kwa kila kilo 100, naichanganya na maji kidogo tu ili imwagike vizuri. Wale bakteria wazuri wanakula ile sukari wanatoa asidi ya laktiki, asidi ndiyo inayohifadhi.

Kwa nini mifuko na siyo shimo? Ukishafungua shimo hewa inaingia, na kwenye joto letu unatakiwa kuondoa kama sentimita 15 za ule uso kila siku la sivyo unaanza kuchemka na kuota ukungu. Ng'ombe wawili hawawezi kumaliza kiasi hicho. Mfuko wa kilo 40, kavera (mifuko ya plastiki) mbili ndani na gunia nje, wanamaliza kwa siku moja. Humo mna kama kilo 10 za kitu kikavu, karibu nusu ya mahitaji yao wote wawili, inayobaki natoa kwenye hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na kaliandra, mti wa malisho wenye protini, ya kwenye ua. Kaliandra mpe mbichi, kilo 3 za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, ukiinyausha ile tanini yake inafanya protini isimeng'enyeke vizuri. Kiangazi cha miezi mitatu ni mifuko 90, na ninaamini kukata kwa Oktoba kutanifikisha.

Jumapili nimefungua mmoja wa mwanzo. Rangi ni kijani cha njano, harufu inauma pua kidogo kama bushera, kile kinywaji cha nafaka, iliyochacha vizuri, karatasi ya kupimia asidi ikasoma 4, asidi ya kutosha kuhifadhi. Nilifurahi sana, nisiwafiche. Ingekuwa na harufu ya siagi iliyooza ningejua maji yalizidi, ingekuwa kahawia yenye harufu ya tumbaku ningejua ilichemka, na hiyo ng'ombe wanaweza kuila wakaipenda lakini protini imeshashikamana haipatikani. Mfuko wa chini kabisa panya alitoboa, pale penye tundu pameota ukungu mweupe kama upana wa kiganja, hiyo nimetupa kwenye mbolea, msimpe ng'ombe ukungu jamani hata kama inauma kutupa. Mifuko yote sasa iko juu ya jukwaa la mbao, na paka wa mama amehamishiwa huko.

Sa hizi naangalia mavi. Yakisimama marefu makavu na ndani unaona nyuzi ndefu, chakula ni duni au protini haitoshi. Ya wiki hii yametulia, nyuzi ni fupi.

Kinachofuata ni desmodiamu ya majani ya kijani, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya brakiaria kabla mvua ya Septemba haijaanza. Mstari wa kwanza nishaulima, mbegu natafuta upande wa Mbale.