Siku tatu bila jua: umeme ukikatika nyumbani mlimani

Mtu wa bondeni akisikia baridi ya mlima hufikiria theluji. Theluji ya Uganda iko Rwenzori, kwenye vilele vya karibu na Margherita, mita 5,109 juu, na huko hakuna aliyejenga nyumba ya kulala watoto. Kwetu Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kuanzia Kapchorwa kupanda kuelekea msituni, kinachotusumbua ni mvua ya mawe, ukungu usioondoka, tope, na miti inayolalia nyaya za umeme. Mawe yakinyesha nusu saa shamba huwa jeupe kama limemwagiwa chumvi. Kisha taa zinazimika, na fundi hawezi kufika kwenye nguzo iliyoanguka kwa sababu barabara ya marramu imegeuka utelezi. Lami ya Kapchorwa hadi Suam ni msaada mkubwa, lakini nguzo nyingi zinazoanguka haziko kando ya lami.

Kwa hiyo hesabu yote ya nyumba ya mlimani tunaijenga juu ya jambo moja: siku tatu bila umeme, bila jua na bila njia. Aliyejiandaa kwa usiku mmoja tu hajajiandaa. Na maandalizi hufanywa Januari na Februari, wakati wa kiangazi, kabla mvua za Machi hazijafunga. Fundi wa sola anayeitwa mwezi wa Aprili atakuja na viatu vya tope na paneli ambayo hawezi kuijaribu, kwa sababu jua halipo.

Tuanze na sola, maana ndiko pesa nyingi hupotea. Andika kila kitu utakachowasha, zidisha wati kwa saa. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa tano ni wati-saa 100. Simu tatu, kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa tano, 25. Jumla 170, ongeza zinazopotea njiani, sema 200 kwa siku. Siku tatu ni 600. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 imeandikwa kwamba inabeba wati-saa 1,200, lakini usizidi nusu yake ukitaka iishi miaka. Nusu ni hizo 600. Umefika pale pale, hakuna akiba. Sasa ongeza runinga ya wati 40 kwa saa tatu: matumizi yanapanda hadi 320 kwa siku, na jioni ya pili betri imeshavuka mstari. Ndiyo maana tunasema wazi: siku umeme ukikatika, runinga ipumzike, redio itoe habari.

Upande wa paneli, wengi hununua kwa kuangalia jua la Januari. Paneli ya wati 150 kwenye jua zuri la saa nne na nusu, baada ya kupoteza kwenye joto, vumbi na waya, hutoa kama wati-saa 470. Siku ya mawingu mazito haitoi hata robo ya hapo, na mara nyingine ni sehemu moja ya kumi tu. Ikishatoka siku tatu za ukungu, inahitaji siku mbili hadi tatu za jua kuijaza betri huku nyumba ikiendelea kutumia. Ukiona kila wiki betri haifiki kujaa, shida si betri mbovu. Paneli ni ndogo.

Kuna jambo ambalo mafundi wanaotoka mjini hukosea. Wanaelekeza paneli kaskazini au kusini kwa kufuata kitabu. Sisi tuko kama digrii moja na nusu tu kaskazini ya ikweta, upande huo hauna uzito. Chenye uzito ni kwamba kwenye mteremko wa mlima asubuhi mara nyingi huwa wazi na mawingu hukusanyika mchana. Elekeza paneli mashariki, iinamishe digrii 10 hadi 15, ipate jua la saa mbili asubuhi hadi saa sita. Mwinamo huo pia hufanya mvua ioshe kioo. Paneli iliyolala chali hukusanya tope na ukungu wa kijani pembeni, nayo pembe iliyofunikwa hupunguza nguvu ya paneli nzima.

Mvua ya mawe inaogopwa kuliko inavyostahili hapa. Paneli zilizopimwa kwa viwango vya kimataifa hupigwa na vidonge vya barafu vya milimita 25 kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde bila kioo kuvunjika. Paneli isiyo na jina, yenye kioo chembamba unachokiona kikitikisika ukiibonyeza kwa kidole gumba, hiyo achana nayo. Hatari kubwa zaidi ni upepo unaoingia chini ya paneli na kuing'oa. Ifunge kwa bolti kwenye mbao za paa, si kwa waya wa kufungia na si kwenye bati peke yake. Mvua ya mawe ikipita, subiri mchana wenye jua upime ampia zinazoingia kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Zikiwa zimeshuka sana kuliko kawaida huku kioo kizima, seli za ndani zimepasuka.

Waya nao. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri na ampia 8 zikipita, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza kama volti 1.1 njiani. Kwenye mfumo wa volti 12 hilo ni pengo kubwa, betri haifiki kujaa hata jua likiwaka. Waya wa milimita 6 hupoteza chini ya nusu volti. Bei yake inauma siku ya kununua, lakini ununue huo. Weka fyuzi ya ampia 20 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, usizidi shibiri moja. Fyuzi iliyo mbali hailindi kipande cha waya kilicho kabla yake, na hapo ndipo panya hutafuna.

Betri ya asidi haipendi kulala na njaa. Ikikaa siku nyingi bila kujaa, chumvi ngumu hujenga kwenye bamba zake na uwezo hauwezi kurudi wote. Nunua mita ya kupimia volti, ile ya bei nafuu. Zima kila kitu, acha betri ipumzike saa moja, pima: volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, ikifika 12.0 umeshapita mpaka. Kontrola nyingi huja zimepangwa kukata karibu na volti 11 huku mzigo ukiwa unatumika, na hiyo ni chini mno. Kama yako inapangika, ipandishe hadi 11.6. Betri za asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji zikaguliwe maji kila mwezi, ziongezwe maji yaliyosafishwa ya betri peke yake, wala si asidi wala maji ya bomba. Baridi ya usiku huzipunguzia nguvu kidogo, kwa hiyo ziweke ndani, juu ya ubao, kwenye chumba chenye hewa ambacho hakilalwi. Betri ya lithiamu ya fosfeti ni nzuri zaidi kwa hali yetu kwa sababu unaweza kutumia sehemu nane kwa kumi za uwezo wake bila kuiumiza, nayo hailalamiki ikikaa nusu. Kosa lake ni kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Hilo ni tatizo la kambi za juu karibu na Wagagai, kilele cha Elgon, si la sebule ya Kapchorwa.

Jenereta? Inafaa kwa duka la dawa au kinyozi. Kwa nyumba ya taa na simu ni kelele na petroli. Mwenye nayo aiweke nje, angalau mita sita kutoka mlangoni na madirishani, na asiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo hurudi hadi kwenye nyaya za njiani na kumuua fundi anayezishika akidhani zimekufa. Inatakiwa swichi ya kubadilishia, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Sasa jambo linalotuuma zaidi. Usiku wa baridi, umeme hakuna, mama anaingiza sigiri ya mkaa chumbani ili watoto wapate joto, anafunga mlango na dirisha. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu wanauamini. Lakini unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala haamki kuzihisi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Mkaa wowote ulale nje au jikoni penye paa lililoachana na nyumba. Ukimkuta mtu amelegea, mtoe nje kwanza, kisha umpeleke kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu.

Joto la kulala linapatikana kwa njia nyingine. Chemsha maji jioni, yatie kwenye chupa ngumu zenye mfuniko wa kukaza, zivishe soksi, weka moja miguuni pa kila mtoto. Blanketi moja iende chini ya godoro au juu yake, si zote kifuani, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto kutoka chini. Familia ilale chumba kimoja. Mwanya kati ya ukuta na bati uzibwe upande unaopuliza upepo peke yake. Upande wa pili uachwe hewa ipite.

Kuni zilizokatwa leo zina maji karibu nusu ya uzito wake. Moto wake hutumia nguvu kukausha kuni badala ya kupika, na moshi unaingia machoni mwa mpishi. Mkaratusi upasuliwe vipande vya unene wa kifundo cha mkono, upangwe juu ya mawe au magogo, juu ufunikwe na bati, pembeni paachwe wazi, miezi mitatu ya kiangazi. Na kumbuka huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, ndiyo maana maharagwe ya mlimani yana kichwa kigumu. Yaloweke usiku kucha, au tumia sufuria ya presha. Kuni zinapungua zaidi ya nusu. Stoo ya watu sita kwa wiki mbili: unga wa mahindi (posho) kilo 34, maharagwe kilo 10, mafuta lita 3, chumvi, sukari, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi, yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hayadai friji wala haraka. Friji yenyewe ikizimika, usiifungue. Chakula hukaa salama saa nne hivi. Friza iliyojaa hushika siku mbili, iliyojaa nusu hushika siku moja.

Maji ya mserereko hukatika au kuwa rangi ya chai, kwa sababu tope huziba chanzo kule juu. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hukupa kama lita 1,000 kwenye tangi. Mwaga lita 30 hadi 60 za kwanza, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja. Ukiishi juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Radi isichezewe. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, kila mtu awe ndani, mbali na bomba, waya na simu inayochajiwa ukutani, na abaki ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwaka 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu katika shule ya Runyanya, Kiryandongo.

Na kuna usiku ambao betri, kuni na unga vyote havina maana. Nametsi kule Bududa, tarehe 1 Machi 2010, na vijiji vya Bulambuli Novemba 2024, vilifunikwa na maporomoko ya udongo baada ya mvua ndefu. Ukiona ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, mti au nguzo iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, au kijito kimebadilika ghafla kuwa tope ama kimepungua wakati mvua inaendelea, ondoka. Usifuate bonde la mto. Nenda pembeni, kwenye mgongo wa kilima. Mpigie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ukiwa njiani, si kabla ya kutoka. Mfuko wa kuondokea uwe mlangoni tangu Machi: vitambulisho, dawa, tochi, shuka, na pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu mnara wa simu nao unaishi kwa betri na ukizimika mobile money inazimika nao.

Waya ulioanguka hausogelewi, hata kijiji kizima kikiwa gizani. Kaa mita kumi na utoe taarifa UEDCL, ambao ndio wanaosambaza umeme tangu Aprili 2025. Umeme unapokatika chomoa friji, runinga na chaja, uache balbu moja tu imewashwa. Ikiwaka, usikimbilie soketi. Laini iliyokaa siku kadhaa hurudi ikiyumba na mara nyingi hukatika tena. Subiri dakika kumi mwanga ukiwa umetulia, chomeka simu, kisha runinga, friji iwe ya mwisho. Sola iache ifanye kazi peke yake siku mbili zinazofuata bila mzigo, mpaka mita isome 12.7.