Siku moja maishani mwangu: mtunza vifaa, siku mashabiki wanapokuja mazoezini

Julai ni mwezi wa jasho kwa timu za Ligi Kuu Tanzania Bara. Ligi imesimama, wachezaji wapya wanaingia, mazoezi ni asubuhi na jioni, na kwetu jioni moja katika wiki geti hufunguliwa mashabiki waje kutazama. Mimi ni mtunza vifaa wa timu. Anachovaa mchezaji, anachopiga na chupa anayonywea, vyote hupita mikononi mwangu kabla ya kumfikia. Hii hapa siku yenyewe tangu alfajiri, pamoja na yale ambayo shabiki akiyajua atafaidi zaidi akija.

Saa 11:15 alfajiri

Naanza na mipira, kwa sababu mpira hupimwa vizuri ukiwa haujapata joto. Tunatumia 30. Sheria za mchezo zinataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450, na upepo kati ya 0.6 na 1.1 ya angahewa. Kati ya namba hizo mbili za mwisho kuna nafasi kubwa mno: mpira wa 0.6 na wa 1.1 ni mipira miwili tofauti kabisa mguuni. Kwa hiyo yote naijaza 0.8, hata ile ya makipa. Kipa akidaka mpira mgumu, kisha laini, kisha mgumu tena, mikono yake inapoteza kipimo, na hapo ndipo mpira mwepesi unapomtoka.

Sindano ya pampu hupakwa tone la glisirini kabla ya kuchomekwa. Sindano kavu inavuta mpira wa vali kwa ndani na kuuchana kidogo kidogo. Mpira haupasuki siku hiyo, ila unaanza kupoteza upepo usiku kucha na hakuna anayejua kwa nini. Ukiushuku, weka tone la maji ya sabuni juu ya vali. Povu likicheza, vali imekwisha.

Nikishamaliza, mipira inakaa kivulini. Wavu wa mipira ukiachwa juani, upepo wa 0.8 uliojazwa alfajiri unapanda hadi 0.9 au zaidi, na kazi yote imepotea kabla filimbi haijalia.

Saa 12:30 asubuhi

Kila mchezaji ana kiti chake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na juu ya kiti naweka fulana mbili, bukta, soksi, taulo na chupa yenye namba yake. Fulana ya pili ni ya katikati ya mazoezi. Chupa haziazimwi. Mafua ya mtu mmoja yakipita kwenye chupa tatu, wiki hiyo kocha anabaki na nusu ya wachezaji wake wa kati.

Kisha vinakuja vifaa vya GPS, vinavyopima mbio za mchezaji kwa setilaiti. Ni vidude vidogo vinavyoingia kwenye mfuko ulio mgongoni, katikati ya mabega, ndani ya kile kizibao cheusi cha kubana. Naviwasha nikiwa nje, uwanjani, dakika 15 kabla ya mazoezi, vikae wazi chini ya anga mpaka vishike setilaiti. Ukiviwasha chumbani chini ya bati, mita za mwanzo zinatoka ovyo. La hatari zaidi ni kubadilisha namba. Kifaa namba 7 kikiingia kwenye kizibao cha beki wa kati, jioni kocha wa viungo, yaani wa mazoezi ya mwili, anasoma kwamba beki amekimbia kama winga, anampunguzia kazi kesho yake, na winga aliyechoka kweli anaongezewa. Misuli inachanika kwa kosa la mfukoni. Ndiyo maana kila namba naisoma kwa sauti mara mbili, na kila mchezaji anabaki na kifaa kilekile msimu mzima, kwa kuwa vifaa viwili vya kampuni moja bado havipimi sawasawa.

Saa 1:30 asubuhi

Mzani uko mlangoni. Kila mtu anapima uzito kabla ya kutoka na baada ya kurudi, akiwa na bukta tu na amejifuta jasho. Mchezaji wa kilo 70 akipungua zaidi ya kilo 1.4, yaani asilimia 2, kasi na umakini vinashuka. Dawa yake ni kunywa lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopotea, kidogo kidogo ndani ya saa chache, pamoja na chumvi kwenye chakula. Kumimina maji yote kwa mkupuo hakusaidii, mengi yanaishia msalani.

Saa 2:00 hadi saa 3:40 asubuhi

Mazoezi ya kwanza: jimu nusu saa, kisha uwanjani. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukashuka mbele taratibu huku misuli ya nyuma ya paja ikizuia usianguke. Halihitaji kifaa hata kimoja zaidi ya mkeka, na timu zinazolifanya kwa utaratibu hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu. Kocha wa mtaani anayesoma hapa alianze na vijana wake leo: kwanza mara tano tu, mara moja kwa wiki, kisha aongeze polepole. Ukianza na mara ishirini, kesho yake hakuna atakayeweza kukimbia.

Saa 4:00 asubuhi

Mapipa ya barafu. Maji yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 10 na 15, mchezaji akae dakika 10. Kwa Dar es Salaam maji ya tangi hutoka na nyuzi 27 hivi, na kuyashusha lita 300 hadi nyuzi 12 kunakula karibu kilo 50 za barafu. Wengi wanatia kilo 15, wanaona vipande vinaelea, wanadhani kazi imeisha. Tia kipimajoto, usiamini macho.

Saa 4:45 asubuhi hadi saa 8:00 mchana

Kufua. Kila mchezaji ana mfuko wa wavu wenye namba, nguo zake zinaingia humo na kutoka humo, hivyo hakuna soksi inayopotea. Mfuko ujae theluthi mbili tu. Ukiushindilia, nguo za katikati hazisuuziki, sabuni inabaki kwenye bukta, na baada ya siku mbili daktari wa timu anapokea vijana wenye vipele mapajani. Nguo hizi hazitaki jiki wala dawa ya kulainisha. Ile dawa inaacha utando kwenye nyuzi, fulana inaacha kunyonya jasho na inang'ang'ania mwilini. Maji ya nyuzi 30, sabuni kidogo, geuza ndani nje, anika kivulini. Jezi yako ya nyumbani nayo inataka vivyo hivyo. Namba zinazobanduka mgongoni nyingi zimeuawa na jua kali na pasi ya moto.

Chakula cha mchana, wachezaji wanalala. Kambi inanyamaza kabisa, isipokuwa mashine za kufulia.

Saa 8:30 mchana

Uwanja. Nyasi zetu hukatwa milimita 25 hadi 30, na kabla ya mazoezi ya jioni humwagiliwa kidogo ili mpira uteleze. Nyasi kavu inaukamata mpira, pasi inafika imechelewa, kocha anafoka bure. Kamba ya mashabiki inafungwa mita 5 nje ya mstari, upande mmoja tu wa uwanja. Upande wa pili ni wa makocha, mapipa ya maji na mimi.

Saa 9:00 alasiri

Geti linafunguliwa, na hapa siku inanoga.

Wanaotaka kuja wapange mapema. Kambi zinazojulikana jijini ni ya Simba kule Bunju, ya Yanga Avic Town, Kigamboni, na ya Azam Chamazi. Zote ziko mbali na katikati ya jiji. Ya Kigamboni unavuka kwa pantoni pale Kivukoni au unapita Daraja la Nyerere. Ya Chamazi unashukia Mbagala Rangi Tatu kisha unaunganisha. Mazoezi mengi hufanyika geti likiwa limefungwa, kwa hiyo usipande gari kabla hujamuuliza katibu wa tawi lako la mashabiki. Njoo na kofia, maji, na kalamu ya maka, nyeusi kwa jezi nyeupe au njano, ya fedha kwa jezi nyekundu au kijani.

Ngoma zinaingia, zinapigwa, zinaleta raha kweli. Ombi letu ni kwamba zikae kimya kocha anapozungumza. Mazoezini sauti ni kifaa cha kazi: beki anamwita kipa, kiungo anamwambia mwenzake geuka. Zikizimwa na ngoma, zoezi linakufa. Picha mnapiga kadiri mpendavyo, ila kocha akianza mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, simu zinashushwa. Mpango wa kona ukirushwa moja kwa moja mtandaoni, wapinzani watakuwa wameuona kabla hata hatujautumia.

Swali la kwanza kila wiki ni lilelile. "Kaka, hawa vijana mbona mmewavalisha sidiria?" Wanawake wa tawi wanacheka, wachezaji nao wanacheka. Namwonyesha dada kile kidude mgongoni, namweleza kwamba kinahesabu mita, mbio kali na mara ngapi mtu amefunga breki, naye anawafundisha wengine hadi mwisho wa foleni.

Saa 10:15 jioni

Tunaanza saa hiyo ili wanaoswali alasiri wawe wamemaliza. Makipa wametangulia robo saa, wakiwa na kocha wao kwenye goli la mbali. Wahi uwatazame: mipira ya karibu, mikono tu, kisha miguu, kisha kuruka. Mashabiki wengi huwakosa kwa kuwa wanasubiri wafungaji.

Baada ya kupasha, rondo: walio nje wanapasiana, walio kati wanajaribu kuunasa mpira. Watano nje, wawili kati, mraba wa mita 8. Macho ya watu yanafuata mpira na chenga. Mimi ningekushauri mtazame yule ambaye mpira haujamfikia. Mchezaji aliye tayari ameshageuza kichwa pande mbili na ameupinda mwili kabla pasi haijaja. Mwingine anageuka akiwa nao mguuni, na hapo ndipo wale wawili wanapomkamata. Ndani ya dakika tano utajua nani ataanza mechi, bila kumuuliza mtu.

Kisha wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, dakika 4 kazi na dakika 2 kupumzika. Uwanja mdogo unaleta kugusa mpira mara nyingi, kukabana na kugeuka ghafla. Ukiupanua, mbio ndefu zinaongezeka. Ukiona kocha anasogeza koni mita tano nje, amebadilisha zoezi zima, hajapamba. Mimi nasimama na mipira minane pembeni, na ukitoka mmoja natupa mwingine ndani ya sekunde mbili. Mpira ukifuatwa kichakani, mapigo ya moyo yanashuka na dakika 4 zinageuka 3.

Mwisho ni mechi ya kumi kwa kumi, vizibao vya njano na vya bluu. Tazama mabeki wanne wa nyuma wanavyosogea pamoja mpira unapohama upande. Mmoja akibaki nyuma hatua mbili, mshambuliaji haotei tena, yaani hayuko kwenye ofsaidi, na kocha anapiga filimbi, wote wanasimama walipo, anamshika yule beki mabega na kumsogeza kwa mikono yake. Hilo televisheni haikuonyeshi, na kwangu ndilo linalolipa nauli ya shabiki.

Saa 11:45 jioni

Wachezaji wananyoosha viungo, kisha wanakuja kwenye kamba. Jezi ya kusainiwa itandikwe juu ya boksi gumu na ivutwe kidogo. Kitambaa kilicholegea kinakunja wino. Chagua sehemu isiyo na maandishi. Acha ikauke dakika tano, usiikunje, usiifue kabla ya siku nzima kupita, na ukiifua tumia maji ya baridi. Bolpeni haifai kwa kitambaa.

Watoto huniomba vifaa. "Shikamoo baba, naomba mpira mmoja tu." Marahaba mwanangu, lakini kila mpira umeandikwa namba na usiku lazima itimie 30. Ninachoweza kuwapa ni nafasi ya kunisaidia kukusanya koni: nyekundu zake, njano zake. Wanazikimbilia kwa furaha, na mara nyingi wanazileta haraka kuliko wachezaji.

Wakati huo kocha wa viungo anapita akimuuliza kila mchezaji kitu kimoja: kazi ya leo ilikuwa nzito kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Jibu linazidishwa kwa dakika. Aliyesema 7 kwa mazoezi ya dakika 80 anaandikiwa 560. Kijana anayesema 9 pale ambapo wenzake wanasema 6 anafuatwa na daktari kabla ya chakula: huenda hakulala, huenda ana homa, huenda kuna maumivu anayoyaficha ili asipoteze nafasi yake kikosini.

Saa 1:15 usiku

Mipira 30, koni 60, vizibao 24, vifaa vya GPS 27 kwenye chaja. Daluga zinapigwa brashi zikiwa na unyevu, kwa sababu udongo uliokauka hung'olewa pamoja na rangi, kisha zinajazwa magazeti na kuachwa mbali na joto. Zikianikwa juani gundi ya soli inaachia. Meno ya chuma nayaangalia moja moja. Ardhi ya Julai ni ngumu, hivyo anayevaa meno marefu anakanyaga juu ya vichwa vya chuma badala ya kuzama, na kesho ataniambia nyayo zinamuuma. Huyo namwekea jozi ya meno ya plastiki chini ya kiti chake, juu yake karatasi yenye jina lake, kisha nawasha mashine ya kwanza ya kufulia.