Misa ya Dominika na watoto wawili, mama yao akiwa kwaya

Mke wangu ni mwanakwaya. Nilimkuta akiimba, na tulipofunga ndoa tulikubaliana kwamba uzazi hautamtoa kwaya. Kwa hiyo siku ya Dominika watoto ni wangu: Anna, miaka mitano, na mdogo wake anayekaribia mitatu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiamini nawastahi waumini wenzangu. Lakini pale nyuma mtoto haoni kitu zaidi ya migongo na vitenge. Kengele inalia, hajui inalilia nini. Mlango uko wazi, upepo wa Dodoma unaingiza vumbi, na nje mama mmoja ametandaza ubuyu mwekundu kwenye meza. Injili haijasomwa, mdogo ameshafika uani.

Kubwa zaidi lilikuwa mama yao. Kwaya ikisimama kuimba, watoto wanaisikia sauti yake ila yeye mwenyewe hawamwoni. Dominika moja, katikati ya mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, mdogo alipaza sauti, "Mama! Mama!" mpaka akaanza kulia. Mzee mmoja aligeuka akaniambia, "Mtoe huyo." Nikamtoa. Nilisimama chini ya mwarobaini nikiwa nimemkumbatia, nasikia "Fumbo la imani" kwa mbali, na moyo uliniuma. Baada ya siku ile nilibaki nyumbani na watoto Dominika kadhaa. Mke wangu akirudi ananisimulia mahubiri.

Katekista wetu alinitafuta. "Baba Anna, mbona siwaoni?" Nilimweleza yote. Hakunilaumu. Aliniambia sheria ya Kanisa huanza kumbana mtu akitimiza miaka saba, kwa hiyo watoto wangu hata wakibaki nyumbani hawana kosa. Mwenye wajibu wa Misa ni mimi. Akaongeza kwamba mwongozo wa Misa za watoto, uliotolewa na Vatikano mwaka 1973, unaruhusu wale wachanga kabisa waangaliwe pembeni kisha waletwe mwishoni wapate baraka pamoja na wote. Akanikumbusha pia Papa Fransisko, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, alivyowaambia akina mama wawanyonyeshe palepale wakilia kwa njaa. "Kutoka naye nje si dhambi," akasema. "Mtulize, urudi. Ila usikae nyuma. Njoo mbele."

Niliogopa, kwa sababu mbele kila mtu anakuona. Nikaenda. Siku hizi tunakaa benchi la pili upande wa kwaya, na mke wangu alimwomba mwalimu wa kwaya amruhusu kukaa mwisho wa mstari. Watoto wanamwona, yeye anawatupia jicho. Lile la kuita "Mama!" lilikwisha ndani ya wiki tatu. Na hapo mbele kuna mengi ya kutazama: mishumaa, watumishi wa altare wadogo kama wao, padre akiinua Hostia. Nami nawanong'oneza, "Sasa anaandaa meza. Sasa sikiliza kengele."

Kilichotusaidia kuliko vyote, hata hivyo, hufanyika nyumbani Jumamosi jioni. Mke wangu anarudia nyimbo za kesho huku anapika, nasi tunaitikia, basi Dominika watoto wanakutana na wimbo wanaoujua. Baada ya chakula nagonga kijiko kwenye glasi kama kengele ya mageuzo, wakisikia wanapiga magoti na kusema polepole, "Bwana wangu na Mungu wangu." Mwanzoni nilijiuliza kama nafanya mchezo na jambo takatifu. Sioni hivyo tena. Mtoto hujifunza kwa mwili wake kwanza.

Sadaka nayo ina nafasi yake. Kila mmoja ana shilingi mia mbili yake, naifunga kwenye pindo la leso. Kuilinda ile leso mpaka wakati wa matoleo ni kazi tosha, na wanapenda kupanga foleni na watu wazima kwenda kuitumbukiza wenyewe. Simu siwapi. Naona mtoto akishika simu kanisani, amebaki mwili tu. Biskuti mbili za mdogo ninazo mfukoni, maana Misa yetu pamoja na matangazo huchukua karibu muda wa saa mbili, na mtoto wa umri ule hafungi.

Mahubiri bado ni magumu. Yakipita dakika kumi na tano mdogo anachoka, natoka naye kabla hajalia, narudi wakati wa Nasadiki, sala ya kukiri imani inayofuata mahubiri. Anna anabaki na bibi mmoja wa jumuiya yetu, mama wa Kigogo anayetupokea kila mara kwa "Mbukwenyi!" na kumfunika mtoto kwa khanga yake kama mjukuu. Nilichelewa kukubali msaada wake, nikidhani mzigo ni wangu peke yangu. Mtu akikunyooshea mikono kanisani, mpe mtoto.

Mwakani Anna ataanza Utoto Mtakatifu. Nilimwambia shirika hilo lilianzishwa na askofu mmoja wa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wawaombee na kuwasaidia watoto wenzao, naye akauliza kama ataruhusiwa kuja na mdogo wake.

Dominika iliyopita kengele ililia, na kabla sijanong'ona chochote mdogo alikuwa ameshapiga magoti, ameegemea benchi. Alisema, "Bwana wangu," akanyamaza, akanitazama nimalizie. Tukamalizia pamoja. Kufika matangazo alikuwa amelala begani kwangu, na dada yake alikuwa ameshavuka kwenda kwaya, amekaa miguuni pa mama yake.