Mkeka wa maranda, Mikindani

Mwenye ghala tuliloliomba kwa mazoezi ya judo alitupa masharti mawili: moto usiwashwe ndani, na msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba tuwe tumeshahama. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na sakafu ya saruji ilikuwa tupu. Tatami za kisasa, yaani mikeka ya judo, ni vipande vya mita 1 kwa 2, unene sentimita 4, na uwanja mdogo kabisa wa mashindano ni mita 8 kwa 8. Kwa mfuko wetu hilo lilikuwa la kusikia tu, tukatengeneza mkeka wa maranda wa mita 6 kwa 6. Si haba. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliianza shule yake ya Kodokan mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, kwa mikeka 12, na eneo lake lilikuwa dogo kuliko letu.

Fundi seremala alifunga fremu ya mbao za mbili kwa nne, akazisimamisha kwa ubavu, kina kikawa kama sentimita 10. Chini tulitandika nailoni, maana saruji ya pwani hupandisha unyevu, na maranda yakilowa chini kwa chini huota ukungu. Fremu ile hujaa kwa mita za ujazo 3.6, lakini maranda hushuka yakikanyagwa, hivyo tulikusanya magunia hamsini na ushei kutoka karakana za Mtwara mjini. Vumbi la mvule tulilikataa, linawasha ngozi na kuchoma pua. Yaliyobaki yalipita kwenye chekeche, kisha kijana mmoja akayapitishia sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Ikaibuka na misumari midogo, pini na kipande cha wembe.

Maranda matupu hubonyea mno, na vumbi tupu la mbao likishindiliwa linakuwa gumu kama sakafu yenyewe. Tulichanganya nusu kwa nusu, tukajaza tabaka kwa tabaka, tunanyunyiza maji kidogo kwa mkono na kukanyaga, hadi katikati ikapanda juu ya mbao kwa vidole viwili. Turubai la mita 7 kwa 7 likakunjwa chini ya fremu na kukazwa kwa kamba. Hapo ndipo pa kutumia muda. Turubai likilegea hunasa kidole cha mguu, goti linazunguka huku unyayo umebaki, na kano za goti zinachanika. Kingo tulizifunika kwa godoro chakavu, tukachora mstari mwekundu nusu mita ndani. Nje ya mstari harushwi mtu.

Alasiri vijana walikuja na hamu ya kurushana. Judogi, yaani mavazi ya judo, hazikutosha, wengine wakavaa jaketi za jinzi za mtumba zilizokatwa vifungo vya chuma. Fulana haifai: inavutika, na mwanafunzi hajui kama kamvuta mtu au kavuta kitambaa.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa ukemi, yaani kuanguka. Kwanza mtu amelala chali, kisha anaanza akiwa ameketi, halafu amechuchumaa, mwisho amesimama. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, pumzi itoke. Mikono miwili ipige mkeka mara moja, viganja chini, kiasi cha nyuzi 30 hadi 45 kutoka mwilini. Mkono ukienda juu zaidi, bega ndilo linalolipa. Kosa la karibu kila mgeni ni kutupa mkono nyuma ili ajizuie: uzito wote unakwenda kwenye kifundo, kiwiko au mfupa wa mtulinga. Waliosahau kidevu niliwapa leso iliyokunjwa waibane kati ya kidevu na kifua. Ikidondoka, wanarudi kuanza wakiwa wameketi.

Zamu ya kurusha ilipofika, mwili wa kurushwa ulikuwa wangu. Mshindani hutumia miaka kujifunza kukataa kuanguka: nyonga inazama, tumbo linakaza, mkono unasukuma kiuno cha mpinzani. Tabia hiyo haiondoki eti kwa sababu umeacha mashindano, lazima uitoe kwa makusudi. Mwanafunzi akirusha mwili unaompinga anajifunza kuvuta kwa mgongo, na akipewa mtu anayejirukia mwenyewe hajifunzi kitu. Simama wima, legeza mikono, acha uzito uende unakovutwa, basi.

Tuliendelea na o-goshi, mrusho wa kumpitisha mtu juu ya nyonga. Binti mdogo kuliko wote aliingia vizuri, mkono kiunoni kwangu, lakini magoti yake yalikuwa yamenyooka na nyonga zake ziko juu ya mkanda wangu. Sikung'oka.

“Mwalimu, wewe mzito,” akasema.

“Uzito hauhusiki. Nivute kwanza nisimame kwa vidole, halafu shuka.”

Alivuta mkono wa jaketi juu na mbele, visigino vyangu vikaachia turubai, akakunja magoti, nyonga zikapita chini ya mkanda. Aliponyoosha miguu nilikuwa tayari hewani. Hakuuachia mkono wa jaketi, na mwishoni akauvuta juu. Hilo nililisisitiza kwa kila mmoja: ukiachia, uliyemrusha anatua kwa bega au kichwa.

Wavulana waliozoea mieleka ya mchangani walitaka kuparamia miguu. Enzi zile sheria iliruhusu, katazo lilianza 2010 na kukamilika 2013, lakini mimi niliwakatalia siku ileile. Anayeanza kwa kushika miguu huinamisha kichwa, na kichwa kikiinama hakuna mshiko wala mizani.

Kabla ya giza tuliupima mkeka kwa kutembea kwa visigino, hatua fupi fupi. Mabonde yalipatikana katikati, pale nilipokuwa naangukia mimi. Tukafungua kamba za upande mmoja, tukaongeza maranda, tukakanyaga na kukaza upya.