Namna nilivyokifundisha kidumbaki kunyamaza

Kundi letu la maigizo lina watu 16, wengi wao walimu, mafundi na wauza maduka wa Ng'ambo, mjini Unguja, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiigiza michezo mifupi tuliyoitunga wenyewe juu ya mirathi, ndoa na madeni, hadi siku nilipopendekeza tuigize Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa mtawala wa Roma, iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere, tena kwa muziki unaopigwa na watu mbele ya watazamaji na si wa kutoka kwenye spika. Mchezo wenyewe ulikubaliwa upesi kuliko nilivyotarajia. Muziki ndio uliotuchukulia miezi minne, na nusura unitoe katika uongozaji.

Nilichagua kidumbaki, muziki wa harusini ulio ndugu wa taarabu, kwa sababu mbili, na sitaficha kwamba ya kwanza ilikuwa fedha. Kundi kamili la taarabu, lenye ala za nyuzi za kanuni na udi, akodioni na safu ya fidla, halikuwa la mfuko wetu, ilhali kidumbaki kinatosheka na fidla moja, sanduku lenye mti na uzi mmoja mnene, vidumbaki viwili vya udongo vilivyowambwa ngozi, cherewa za kutikisa na mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha. Sababu ya pili ni kwamba Juliasi Kaizari ni mchezo wa umma: watu wa Roma hushangilia, hubadili mawazo, hukasirika na hatimaye huchoma majumba, na mimi sijui muziki mwingine hapa kwetu unaoweza kuwapandisha watu jazba kwa kasi kama kidumbaki cha harusini.

Kasi hiyo hiyo ndiyo iliyonitia taabuni. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwomba mpiga fidla, mzee ambaye sote tunamwita Maalim, apige kitu cha huzuni chini kwa chini wakati Antony, rafiki wa Kaizari, anauhutubia umati mbele ya maiti yake. Alianza kwa upole, lakini vidumbaki vikaingia, sanduku likafuata, na kabla Antony hajafika katikati ya hotuba hapakuwa na mtu aliyesikia hata neno moja. Nikapunga mkono, nao wakadhani nimefurahi, wakaongeza.

“Maalim, samahani, nilikuwa naomba pale tukate,” nilimwambia walipomaliza.

“Mwanangu,” akanijibu akiiweka fidla mapajani, “ngoma haikatwi. Ngoma humalizika.”

Nilidhani ni ubishi wa wazee, kumbe alikuwa ananieleza kazi yake. Harusini kidumbaki hakisimami, bali wimbo huunganishwa na wimbo, kasi ikipanda kidogo kidogo, na wapigaji hupata joto pamoja na wachezaji. Mimi nilikuwa nikiwataka waanze wakiwa tayari wamoto, wapige kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha kahawa, wanyamaze robo saa, kisha warudi katika joto lile lile walipoachia. Hata wapigaji hodari hawawezi kufanya hivyo kwa kuagizwa tu.

Ilinichukua wiki tatu kuligundua tatizo la pili, ambalo lilikuwa ndani ya maandishi. Nyerere aliitoa tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina tunalolijua sasa, na katika tafsiri hiyo mistari haina vina. Sikio lililolelewa na mashairi ya taarabu hulijua pumziko kwa kina: silabi ileile ikisharudi, mpigaji huinua upinde bila kuambiwa. Maalim na wenzake walikuwa wakikisubiri kina ambacho hakikuwapo, wakikosa pa kuingia, na wakiingia katikati ya sentensi. Upande wa waigizaji kosa lilikuwa lile lile kwa sura nyingine, kwani baadhi yao walianza kuighani mistari kama shairi, wakiivuta mwishoni mwa kila mstari hata pale maana ilipokuwa ikiendelea kwenye mstari wa chini. Jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo linaloua michezo ya namna hii jukwaani kuliko upungufu wa maleba au taa.

Basi niliacha mazoezi ya jukwaani kwa siku kumi. Tulikaa kibarazani, wapigaji na waigizaji pamoja, tukausoma mchezo wote kwa sauti kama watu wanaosimuliana habari ya mtaani, bila ala, na kila sentensi ilipokwisha msomaji alitakiwa kuvuta pumzi kwa namna inayoonekana. Wapigaji hawakuruhusiwa kufuata karatasi; walitakiwa kumwangalia msomaji kifuani. Mpiga cherewa alikuwa wa kwanza kulishika jambo hilo, na baada ya siku chache akawa anawagusa wenzake kwa goti kabla ya kuingia. Tangu hapo sikuwahi tena kupunga mkono.

Uamuzi ulioumaliza ugomvi kati ya maneno na ngoma ulitoka hapo hapo kibarazani. Niliwatoa wapigaji pembeni walikokuwa wamekaa kama wageni waalikwa, nikawavalisha shuka kama wengine na kuwaingiza katika umati wa Warumi, kwa sharti moja kwamba ngoma isemapo ni umati unaosema, na Antony akifungua mdomo umati husikiliza. Hotuba ile ambayo mwanzo ilizama sasa ikawa na mapengo, na katika kila pengo kidumbaki kilijibu: kwanza pigo moja la shaka, kisha mawili, kisha mkwasa, na fidla haikuingia mpaka wosia wa Kaizari uliposomwa.

Baada ya hotuba hiyo inakuja sehemu fupi ambayo waongozaji wengine huikata, na mimi nawasihi wasiikate: umati unakutana na Cinna mshairi, unamdhania Cinna aliyekuwa miongoni mwa wauaji, na hata anapojitetea kwamba yeye ni mshairi tu, wanamuua. Hapo tuliweka wimbo wa harusi, wa kasi kabisa, bila kuubadili hata kidogo. Usiku wa kwanza watazamaji walianza kupiga makofi na akina mama wawili wakainuka kutikisa mabega, kwa sababu miili yao iliutambua wimbo kabla macho hayajauona mchezo. Mshairi alipoanguka ngoma ikakoma ghafla, ile ngoma isiyokatwa, na wale waliosimama wakabaki wamesimama hawajui pa kuweka mikono. Maalim aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia ukumbi ukinyamaza vile akiwa ameshika fidla.

Mambo mengine yalikuwa ya ufundi tu. Nilitamani tufungue tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Kaizari, lakini masika huanza karibu na hapo na ukumbi wetu umeezekwa mabati, hivyo tulifungua Februari. Hata hivyo unyevu wa usiku ulizilegeza ngozi za vidumbaki wakati wa mapumziko marefu, na kwenye mazoezi ya mwisho vilitoa sauti kama ya kupiga mto. Harusini ngozi huoteshwa moto kabla ya kuanza. Sisi tuliweka jiko la mkaa nyuma ya ukumbi na kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupasha kidumbaki kimoja huku kingine kikiwa jukwaani. Kwa kuingia Kaizari tulitumia baragumu la pembe. Kuna aliyeniuliza kwa nini si siwa, lile baragumu kubwa la watawala, nikamjibu kwamba siwa za Lamu na Pate ni hazina za makumbusho na hazikodishwi kwa kundi la walimu.

Palibaki hema la Brutus, mmoja wa wauaji wa Kaizari, ambamo mtumishi wake mdogo Lucius anampigia ala mpaka mtumishi mwenyewe anachukuliwa na usingizi. Kijana wetu wa miaka 13 hakujua kupiga chochote, na tulipojaribu kumwigizisha huku Maalim akipiga gizani, watu walicheka. Kwa hiyo Maalim alimfundisha sauti nne tu za udi, na kwa wiki sita mtoto alizirudia hizo hizo. Jukwaani alizipiga polepole, kisha polepole zaidi, kisha tatu, kisha moja, Brutus akauchukua udi mikononi mwake usije ukaanguka, kama maandishi yanavyotaka. Mzimu wa Kaizari uliingia katika ukimya mtupu, bila pigo lolote.

Mchezo una wasemaji zaidi ya 40, nasi tuko 16, lakini hilo halikunitisha. Msafiri wa Uswisi aitwaye Thomas Platter, aliyeutazama mchezo wa Kaizari mjini London tarehe 21 Septemba 1599, aliandika kwamba uliigizwa na watu wapatao 15, na kwamba ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma kwa ustadi mkubwa, wengine wakiwa wamevaa nguo za kike. Niliwasomea wenzangu habari hiyo siku walipolalamika kwamba msiba hauwezi kufungwa kwa ngoma. Usiku wa tatu, maneno ya mwisho yalipotamkwa, maiti wote waliinuka, na Maalim, ambaye kwa saa mbili na nusu alikuwa amekatizwa kila mara, akapiga bila kuangalia kifua cha mtu yeyote mpaka mlinzi wa ukumbi alipokuja kutuomba tufunge.